Saini iko New York, shimo iko Likasi

Wandugu, dada na kaka, vijana wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kalemie, Bukavu, Goma na popote mulipo,

Tuanze kwa kutoa heshima pale inapostahili. Tarehe 20 Septemba 2017, siku ya kwanza kabisa, Leta yetu ilitia saini Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia kule New York. Tarehe 22 Septemba 2022 ikauridhia. Duniani kuna mataifa 9 yenye bomu la nyuklia, na yote pamoja yana mabomu karibu 12,000. Hakuna hata moja kati ya hayo 9 iliyotia saini. Congo ilisema hapana kwa bomu. Ilisema vizuri.

Lakini kuna swali yenye bakubwa hawajajibu. Wakati kalamu inagusa karatasi, nani alifikiri Shinkolobwe? Nani alisema mbele ya ule ukumbi: sisi njo tuko nchi yenye ilitoa mawe ya bomu ya kwanza, shimo ingali wazi, na watu wetu hamukuwaandika popote?

Siasa ya Leta yetu juu ya silaha za maangamizi ni nzuri kwenye karatasi. Kwenye udongo, ni kufuli, askari asiyelipwa, na kimya. Na kimya hakizuii uraniumu kutembea.

MAWE YALITOKA WAPI

Wengi kati yetu tulipita masomo yote, msingi, sekondari na univasiti, bila mwalimu hata mmoja kutuambia habari hii. Kwa hiyo tuiseme kwa ufupi.

Shinkolobwe iko karibu kilometa 20 kutoka Likasi, mji uliokuwa unaitwa Jadotville wakati wa wabelgiji. Mawe yake yalitambuliwa mwaka 1915, chini ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Miaka ya 1920 walichimba juu ya radiumu, iliyosafishwa kule Olen, Ubelgiji, na kuuzwa kwa bei kali. Uraniumu yenyewe ilikuwa kama takataka, haina soko.

Tarehe 2 Agosti 1939 mambo yalibadilika. Albert Einstein alimwandikia barua prezida Roosevelt wa Marekani kwamba bomu la aina mpya linaweza kutengenezwa, na kwamba chimbuko kubwa zaidi la uraniumu liko Congo ya wabelgiji. Haikuwa kutia chumvi. Mawe ya Marekani yalikuwa na uraniumu chini ya 1 kwa 100. Shinkolobwe kulikuwa na mawe yaliyofika 65 kwa 100. Kwa mawe ya namna hiyo, jembe na mikono ya watu wetu vilitosha kuanzisha kazi yenye huko kwingine ilihitaji mlima mzima.

Mwaka 1940 mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha tani karibu 1,200 za mawe hayo mpaka Staten Island, New York, na kuyaweka kwenye ghala. Tarehe 18 Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani alienda ofisini kwake, na siku hiyo hiyo wakapatana bei. Baadaye mainjinia wa jeshi walikuja mpaka Katanga kufungua tena mgodi uliokuwa umejaa mayi. Watu wetu wakateremka chini. Mawe yakapandishwa kwenye treni, yakaenda bahari kupitia Lobito, na baadaye kupitia Matadi. Ndiyo, Lobito ile ile yenye leo wanaiimbia kila siku kwenye redio.

Tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima. Mpaka mwisho wa mwaka ule watu karibu 140,000 walikuwa wamekufa. Tarehe 9 Agosti, Nagasaki: karibu 74,000, kwa bomu la plutoniumu, nayo inatengenezwa kwa kuchoma uraniumu ndani ya kinu. Sehemu kubwa ya uraniumu ya mradi ule wote ilitoka hapa kwetu.

Mwaka 1946 Marekani ilimvika Sengier medali. Hata jiwe moja lililopatikana Katanga lilipewa jina lake: sengierite. Sasa utuambie, majina ya wale walioteremka shimoni iko wapi? Nani alihesabu kikohozi chao? Nani aliuliza wake zao, wenye walifua zile nguo zilizojaa vumbi?

Watu wa Hiroshima na Nagasaki hatuwasemi vibaya hata kidogo. Wazee wao waliobaki walipigana miaka yote ili ulimwengu usisahau, na mwaka 2024 chama chao, Nihon Hidankyo, kilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tunawapongeza kama ndugu. Jiwe lililowaua wao lilianza kwa kuwagonjwesha baba zetu. Ni kamba moja, yenye ncha mbili. Dunia inajua ncha moja tu.

SIASA YA KUFULI

Sasa tuangalie Leta yetu imefanya nini na ncha yake.

Kwenye karatasi, mengi. Tuliingia kwenye mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia mwaka 1970. Oktoba 2002 ikatoka sheria ya kuwakinga watu na mionzi na kulinda vitu vya nyuklia. Mwaka 2003 tukakubali wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wapewe ruhusa pana zaidi ya kuangalia. Aprili 2004 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1540: kila nchi lazima ihesabu, ilinde na ichunge mipakani vitu vyote vyenye vinaweza kutengeneza silaha za maangamizi. Na mwisho, mkataba wa kupiga marufuku. Ukisoma orodha hii utasema: hii nchi ni mwanafunzi mzuri.

Sasa toka kwenye karatasi, panda taxi, uende Likasi.

Wabelgiji walipoondoka mwaka 1960 walifunga visima vya Shinkolobwe kwa sima. Lakini njaa haijui sima. Gécamines ilipoanguka na mishahara ikakatika, watu walirudi Shinkolobwe kwa maelfu kuchimba kobalti kwa mikono. Kobalti na uraniumu pale wanalala kitanda kimoja. Mchimbaji anabeba mfuko wa kobalti mgongoni, na ndani yake kuna mgeni asiyeonekana.

Januari 2004 prezida alitoa amri: marufuku kuchimba Shinkolobwe. Amri ilisainiwa Kinshasa, watu wakaendelea kuchimba. Julai ya mwaka ule ule ardhi ilianguka na kuua watu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaja, wakaangalia, wakaandika, wakarudi kwao. Wachimbaji wakafukuzwa. Kazi nyingine hawakupewa. Tunajua wote matokeo: ukimfukuza mtu mwenye njaa bila kumpa kazi, unamfundisha tu kuja usiku. Na anayekuja usiku hapimwi, haandikwi, na mfuko wake hakuna anayeufungua isipokuwa yule anayetaka chake.

Usiseme ni mambo ya zamani. Novemba 2007 makamiyo yalikamatwa na madini yenye mionzi. Amri ilikuwa yapelekwe kuzikwa Shinkolobwe. Zaidi ya tani 10 zikatupwa ndani ya mto Mura, karibu na Likasi, mto wenye watu wanategemea kwa mayi ya kunywa. Tufikiri pamoja: Leta imekamata kitu cha hatari, kiko mikononi mwake, inajua ni nini, na bado kinaishia mtoni. Huyu njo mlinzi tunayemwonesha Umoja wa Mataifa?

Na usiseme ni Shinkolobwe peke yake. Novemba 2018 Katanga Mining ya kule Kolwezi, iliyo chini ya Glencore, ilisimamisha kwa muda kuuza kobalti nje, kwa sababu ilikutwa na uraniumu kupita kiwango kinachoruhusiwa kupita bandarini. Nani aliyetangaza? Kampuni yenyewe. Kiwango kiliangaliwa juu ya bandari na wanunuzi. Mama anayeosha mawe mtoni na kijana anayepakia mifuko, wao kiwango chao ni kipi, na nani anakipima?

Tangu 2002 tuko na sheria na kamati ya taifa ya kukinga watu na mionzi. Sawa. Mimi nina diploma ya fizikia. Nilisoma mionzi ya alfa, beta na gama, nilifanya mitihani, nilipita. Leo naishi kwa kuuza mayunite barabarani. Niko na wenzangu wa kemia, wa jiolojia, wa mazingira, wote ni shomeri. Nchi yenye ina uraniumu chini ya miguu na wanafizikia juu ya kiti cha plastiki pembeni ya barabara haiwezi kusema imekosa watu wa kupima.

KINU CHA KINSHASA

Kuna wenye watasema: hiyo ni fujo ya Katanga, mbali na Leta. Basi twende Kinshasa, pembeni kabisa ya univasiti, kwenye Mont Amba.

Mwaka 1959 Congo ilipata kinu cha nyuklia cha utafiti, cha kwanza katika Afrika yote. Cha pili kikafuata mwaka 1972. Leo vyote vimesimama: cha kwanza tangu 1970, cha pili tangu 2004. Lakini historia yake ina aibu yenye haisemwi kwa sauti. Fito mbili za mafuta ya nyuklia ziliibiwa mle. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa watu wa mafia waliokuwa wanatafuta mnunuzi. Ya pili haijaonekana mpaka leo.

Fito hizo ziliibiwa wakati gani? Wakati wa utawala uliojaa siri, wakati kuuliza swali kulikuwa ni kutafuta jela. Kwa hiyo mtu asije kutuambia kwamba usalama wa nyuklia unataka kimya. Kimya kilikuwepo cha kutosha, na fito zikasafiri mpaka Ulaya. Mlinzi anaogopa mwizi, lakini mwizi anaogopa zaidi jirani mwenye macho. Wazee walisema: mficha uchi hazai. Leta inayoficha mashimo yake haitazaa usalama.

SHIMO NDANI YA MKATABA

Sasa tufike kwenye kitu chenye kimetufanya tuandike.

Soma kifungu cha 6 cha mkataba tuliouridhia. Kinasema kila nchi iwasaidie watu walioumizwa na matumizi au majaribio ya silaha za nyuklia: matibabu, msaada wa roho, nafasi ya kurudi kwenye maisha. Matumizi: hao ni Hiroshima na Nagasaki. Majaribio: hao ni watu wa Reggane kule Algeria, ambako Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza tarehe 13 Februari 1960, na wa visiwa vya Pasifiki, na wa Kazakhstan. Wana haki kabisa.

Na mchimbaji? Hayumo. Mtu aliyevuta vumbi la uraniumu Shinkolobwe hakupigwa na bomu, hakusimama karibu na jaribio. Kwa hiyo kifungu hakimwoni. Mkataba ulioandikwa juu ya wahanga wa bomu umemruka mhanga wa kwanza. Na sisi, nchi ya mhanga huyo, tulitia saini siku ya kwanza, tukapiga picha, tukarudi nyumbani.

Tunajua jibu watakalotoa: mkataba ni mkataba, hauwezi kubadilika. Si kweli. Kifungu cha 10 kinasema nchi mwanachama yoyote inaweza kupendekeza mabadiliko. Nchi zaidi ya nusu zikikubali kuyajadili, yanajadiliwa. Theluthi mbili zikiyapigia kura, yanapita. Na hata bila kubadili neno moja, mlango upo. Sehemu ya pili ya kifungu cha 6 inasema juu ya ardhi iliyochafuliwa na shughuli zinazohusiana na majaribio au matumizi ya silaha hizo. Kuchimba uraniumu kwa ajili ya bomu la Hiroshima, kama si shughuli inayohusiana na matumizi, ni nini basi? Ni picnic? Mwanasheria yeyote wa Leta angeweza kusimama na hoja hiyo.

Labda kuna sababu hawasimami. Kifungu hicho kinampa kazi ya kusafisha yule mwenye ardhi. Ukisema Shinkolobwe imechafuliwa na bomu, lazima uanze kuisafisha wewe mwenyewe, ukiomba msaada wa wengine. Ni rahisi zaidi kusaini dhidi ya mabomu ya wengine kuliko kuchukua kipimo na kwenda kwenye shimo lako.

Tuwape mfano mmoja, na usome polepole. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kuwafidia raia wake walioumizwa na kazi za nyuklia. Mchimbaji wa uraniumu wa Marekani aliyepata ugonjwa unaotajwa na sheria ile alipewa haki ya dola 100,000, pamoja na maneno ya kuomba radhi ya taifa lake. Baadaye wakaongeza hata wale waliosafirisha mawe. Kumbe inawezekana! Kumbe inajulikana kwamba kuchimba uraniumu kunaua! Mchimbaji wa Colorado anapewa dola 100,000 na pole. Mchimbaji wa Shinkolobwe, yenye mawe yake yalikuwa makali mara nyingi zaidi, anapewa nini? Bule. Hata neno.

Na ni nani wa kumdai Marekani na Ubelgiji kwa niaba yake, kama si Leta yake?

WENYE WATATUPINGA

Wandugu wa Goma, wa Bukavu, wa Ituri, tunasikia sauti yenu. Mutatuambia: sisi tunakufa kwa kalashi, kwa panga, kwa mabombu ya kawaida, na ninyi munaleta habari za atomu? Tunawaelewa. Lakini angalieni vizuri. Ni ugonjwa mmoja. Kitu kinatoka kwenye ardhi yetu bila kuhesabiwa, kinapita mpaka bila kupimwa, kinamtajirisha mtu wa mbali, kisha kifo kinabaki hapa na jina halibaki popote. Kwenu ni koltani na dhahabu, kwetu kobalti na mgeni wake. Leta isiyojua ni nini kinapita Kasumbalesa haitajua ni nini kinapita Bunagana. Hatuombi macho yaondoke kwenye vita. Tunaomba Leta ijifunze kuhesabu.

Wengine, hasa vijana wenzetu wenye njaa ya kazi, wanasemaka: uraniumu ni utajiri, mufungue mgodi tupate kazi. Ndugu, tumekuelewa, sisi pia tunatafuta kazi. Lakini mkumbuke Machi 2009. Prezida wa Ufaransa alikuja Kinshasa, na kampuni ya Areva ikatia saini makubaliano juu ya uraniumu ya Congo. Wewe na mimi tuliulizwa? Kabla mtu hajafungua shimo jipya, apime la zamani. Kabla hajatuahidi kazi ya kuchimba, atupe kazi ya kupima, kulinda na kusafisha. Hiyo nayo ni kazi, ina mshahara, na haikupeleki kaburini ukiwa na miaka 40.

Na wapo wa tatu, wenye shati nyeupe, watakaosema: ninyi vijana munawapa magaidi habari. Magaidi? Shinkolobwe iko kwenye vitabu vya dunia nzima tangu 1945. Anayenunua mawe kwa siri anajua barabara kuliko sisi. Mtu pekee asiyejua ni mama wa Likasi anayechota mayi Mura. Kwa hiyo siri hii inamficha nani, na inamlinda nani?

TUNACHODAI

Hatukuandika ili tulie. Tunadai mambo 6, yote yanawezekana.

1. Leta ipime. Mionzi ipimwe Shinkolobwe, kwenye mto Mura, kwenye mayi ya Likasi, kwenye machimbo ya mikono na njia za makamiyo. Matokeo yatangazwe kwa Kiswahili na Kifaransa, yabandikwe kwenye kila komini, yasomwe kwenye redio. Si kwa watu wa Kinshasa peke yao.

2. Leta ilinde kwa kweli. Mlinzi asiyelipwa ni mlango ulio wazi. Alipwe kila mwezi, apewe kipimo, na kuwe na alama za hatari kwa lugha yenye mchimbaji anasoma. Vipimo vya mionzi viwekwe kwenye mipaka yenye madini yetu yanapita, kuanzia Kasumbalesa. Na kazi hizo wapewe vijana waliosoma, kwa mashindano ya wazi, si kwa kujuana.

3. Leta iandike majina. Iundwe orodha ya waliofanya kazi Shinkolobwe na familia zao, wa zamani na wa machimbo ya mikono. Ubelgiji ifungue hifadhi zote za Union Minière zinazohusu wafanyakazi na afya zao. Kampuni ile ingalipo, tangu 2001 inaitwa Umicore. Jina lilibadilika, deni halikubadilika.

4. Leta iseme New York. Mkutano wa kwanza wa kuupitia mkataba huu umepangwa mwishoni mwa mwaka 2026. Congo iende pale na pendekezo lililoandikwa: wachimbaji wa uraniumu ya mabomu watambuliwe kama wahanga, na ardhi yao iingie kwenye ardhi za kusafishwa. Kazakhstan na Kiribati zimewasemea watu wao bila woga. Sisi tunaogopa nini?

5. Leta ioneshe karatasi. Makubaliano yote juu ya uraniumu, kuanzia lile la 2009, yawekwe hadharani. Hakuna mkataba mpya wa uraniumu bila mjadala wa wazi Bungeni na bila kuwasikiliza watu wa pale.

6. Leta iseme ukweli juu ya kinu cha Kinshasa. Mafuta yaliyobaki yako katika hali gani? Uchunguzi wa fito iliyopotea uliishia wapi? Wanafunzi wanaolala mita chache kutoka pale wana haki ya kujua.

NA SISI JE?

Tusimalize kwa kuwanyooshea wengine vidole peke yao. Depite wako unamjua. Mwandikie, mpigie, mngojee akija kuomba kura, na umuulize swali moja: "Umefanya nini juu ya Shinkolobwe?" Akikuambia hajui ni wapi, umepata jibu lako.

Ukiwa na babu, nyanya au mzee wa jirani aliyefanya kazi pale, au aliyesikia kwa baba yake, kaa naye. Andika jina, mwaka, kazi aliyofanya, ugonjwa alioupata. Rekodi kwa simu. Usiweke mtandaoni bila ruhusa yake. Leta ikikataa kuandika orodha, tutakwenda mbele yake na ya kwetu.

Ukiwa mwalimu, fundisha. Dakika 20 zinatosha. Mtoto wa Likasi anayejua Hiroshima lakini hajui Shinkolobwe amefundishwa nusu ya historia, na hiyo nusu haina yeye ndani.

Na ukiwa mchimbaji, ndugu, hatuji kukuhukumu. Tunajua ni nini kinakupeleka kule usiku. Tunataka tu uwe na haki ya kujua ni nini umebeba mgongoni.

Afrika Kusini ilikuwa na mabomu 6, ikayavunja, na mwaka 1993 prezida wake alisimama mbele ya Bunge akalisema wazi. Hakuna aliyemlazimisha kunyamaza kwa ajili ya usalama. Sisi hatukutengeneza bomu hata moja. Tulichukuliwa mawe. Kwa nini basi sisi njo tunanyamaza kama wenye hatia?

Kuzuia silaha za maangamizi hakuanzii kwenye ukumbi wenye bendera. Kunaanzia pale jiwe linapotoka kwenye udongo, na jiwe la kwanza lilitoka kwetu. Leta ilitia saini kwa jina letu. Sasa itekeleze mbele ya macho yetu.

Saini tumeiona. Tunangojea kipimo.